Subaru ya Japani na Subaru ya Uingereza: namna ya kuzikagua kabla ya kulipa

SWALI: Shikamoo, mhandisi. Mimi ni mkazi wa Moshi na kwa muda mrefu nimetamani kumiliki Subaru Impreza WRX STI. Sasa nimepata mbili. Moja iko Njiro, Arusha. Mwenyewe anasema ni ya mwaka 2005, ilitoka Japani moja kwa moja, odometa inasoma kilomita 78,000, na kwamba ina nguvu za farasi 300 tangu kiwandani. Nyingine iko hapa hapa Moshi; ni ya mwaka 2006, ilitoka Uingereza, ina injini ya lita 2.5 na spidi yake inasoma maili. Zote zina namba za Tanzania na bei zake zinakaribiana. Nimeziwasha zote mbili, na zinanguruma kwa ule mdundo wa Subaru tunaoupenda. Je, nichukue ipi, na nikague nini kabla sijatoa fedha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Katika yote uliyoyaandika, jambo lililonishtua ni lile ulilolitaja kama sifa, yaani kwamba gari la Njiro linanguruma kwa mdundo uleule wa gari la Moshi. STI, yaani toleo la Impreza lenye nguvu zaidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwaka 2005, ikiwa bado ina injini na mabomba yake ya kiwandani, haingurumi hivyo. Kuanzia toleo lililotoka mwishoni mwa mwaka 2002, STI za Japani zilifungwa turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukumia silinda hewa zaidi) yenye njia mbili za kuingizia moshi, na mabomba yanayotoka kwenye silinda yakapangwa kwa urefu unaolingana, ili mipigo ya moshi ifike kwenye turbo kwa vipindi vilivyo sawa. Matokeo yake sauti ni laini na ya mfululizo. Zile zilizouzwa Uingereza na Marekani ziliendelea na turbo ya njia moja na mabomba yasiyolingana urefu, na ndiyo maana zinatoa ule mdundo wa kudunda na kuruka ambao vijana wa mjini huutambua gari likiwa bado halijaonekana. Kubadilisha ekzosi ya nyuma kutaongeza kelele, lakini hakuzalishi mdundo huo, kwa sababu mdundo unazaliwa kabla moshi haujafika kwenye turbo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama gari la Njiro ni zima, uliza kwanza ni gari gani. Maelezo yanaweza kuwa matatu. La kwanza, mtu alitoa mabomba na turbo ya awali akafunga ya njia moja, ama kwa kupenda sauti, ama kwa sababu turbo ya Japani iliharibika na mbadala wake haukupatikana kwa bei nafuu. La pili, injini yenyewe ilikufa ikawekwa nyingine. La tatu, ambalo ndilo baya zaidi kwa mfuko wako, ni kwamba gari hilo halikuwahi kuwa STI, bali ni WRX ya kawaida, ile Impreza ya turbo iliyo chini ya STI, iliyovishwa beji, bawa la nyuma na viti. WRX ya Japani ilikuwa na mabomba yasiyolingana, na hunguruma kama ulivyosikia.

Kuyatenganisha maelezo hayo hakuhitaji fundi wala mashine, kunahitaji tochi na kitambaa. Fungua boneti, pangusa vumbi kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, usome namba ya chesisi iliyogongwa pale. Gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17; lina herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Ikisoma GDB, mbele yako kuna STI. Ikisoma GDA, ni WRX, na mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe. Gari la Uingereza litakuwa na namba ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na JF1. Namba hiyo ilingane na kadi ya gari pasipo tofauti ya hata tarakimu moja, na mahali ilipogongwa pasiwe na rangi mpya, alama za msasa wala mshono wa kuchomelea.

Kisha tazama ukubwa wa injini ulioandikwa kwenye kadi. Injini ya Japani, EJ207, ina sentimita za ujazo 1,994. Ile ya Uingereza ya mwaka 2006 ina 2,457. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu, kwa kuwa ushuru wa bidhaa hutozwa kwa kufuata ukubwa wa injini na mpaka wa 2,000 unayatenga magari haya mawili, hivyo kadi inayosema jambo moja na injini inayosema jingine ni tatizo litakalokukabili siku ya kuhamisha umiliki. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, karibu na pale inapokutana na gearboksi. Isome mwenyewe, usisomewe.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hawakijui na kwa hiyo hawakifichi. Katikati ya mwaka 2004, STI za Japani zilibadilishiwa habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa kwa nati. Zile za kabla ya hapo zina nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, na zile za baadaye zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, huku WRX ya kawaida ikibaki na 100. Gari linalouzwa kama STI ya 2005 likiwa na habu za milimita 100 si la mwaka huo, au si STI, au limefungwa ekseli za gari jingine. Fundi yeyote wa tairi atakupimia kwa dakika chache. Ukiwa hapo, hesabu gia: STI ina sita za mbele, WRX ya kizazi hicho ilitoka Japani na tano.

Kuhusu farasi 300, muuzaji wako amechanganya masoko. Watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, makubaliano yaliyodumu hadi mwaka 2004, na STI ya Japani ya kizazi hiki ilibaki kwenye 280 hata baada ya hapo. Namba 300 ilitangazwa Marekani kwa injini ya lita 2.5. Ya Uingereza ya 2006, yenye lita 2.5, ilitangazwa kuwa na 280, na iliyotangulia, ya lita 2.0, ilikuwa na 265. Hivyo basi, ama muuzaji anarudia maneno ya dalali, ama programu ya kompyuta ya gari imeandikwa upya. Muulize waziwazi, kwa adabu. Akijibu kwa fahari kwamba imeandikwa upya, uliza nani aliiandika, wapi, na kwa petroli ipi.

Swali hilo la petroli ndilo ningelitilia uzito kuliko rangi, viti na rimu zote. Kompyuta ya STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka ovyo) 100 hivi. Petroli ya vituo vyetu haifikii hapo. Injini ya turbo inayopewa petroli ya oktani ndogo kuliko iliyopangiwa huanza kugonga, maana yake sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inalipuka yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na kuipiga pistoni kwa nguvu. Subaru ina kihisio cha kugonga, na kompyuta inapolisikia hilo huchelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini. Gari linaendelea kutembea, likiwa zito kidogo, na mwenye nalo huenda asijue lolote kwa miaka. Ila kuna thamani ndani ya kompyuta inayoonesha imani yake kwa mafuta inayopewa: kwenye kompyuta za zamani kiwango kamili ni 16, kwenye mpya zaidi ni 1. Fundi wa umeme mwenye programu inayozielewa Subaru anaweza kuisoma kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi. Ikiwa imeshuka sana, gari limekuwa likigonga. Ikiwa kamili, bado haijathibitisha kila kitu, kwa sababu anayefuta kumbukumbu ya kompyuta asubuhi ya mnunuzi kufika huirudisha kwenye thamani ya kuanzia. Basi isomwe mara mbili, kabla na baada ya kuliendesha kwa mzigo, kwa mfano kupandisha kutoka Usa River kurudi Tengeru kwa gia ya nne.

Gari la Moshi halina shida hiyo kwa ukali uleule, maana lilipangwa kwa petroli ya Ulaya, lakini lina udhaifu wake. Injini ya lita 2.5 ilipatikana kwa kutanua silinda kutoka milimita 92 hadi 99.5 na kurefusha mwendo wa pistoni, na pistoni zake zinajulikana duniani kote kwa kupasuka kwenye zile kingo nyembamba zilizo kati ya ringi, hasa pale injini inapoongezewa presha ya turbo au inapogonga. Pistoni ya silinda ya nne, iliyo nyuma upande wa kushoto, ndiyo husemwa sana. Dalili zake ni kula oili, moshi wa buluu, oili kurushwa kwenye bomba la kupumulia, na kompresheni (presha ambayo silinda inaibana hewa) ya silinda moja kuanguka huku nyingine tatu zikiwa nzima.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kipimo cha kompresheni, ambacho nakusihi usinunue lolote kati ya magari haya bila kukifanya. Mafundi wengi hukikwepa kwenye Subaru kwa sababu silinda zimelala ubavuni na plagi zimebanwa na chesisi. Kuzitoa zote nne ni kazi ya kutoa jasho. Lipa hiyo kazi. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, mafuta na moto vikatwe, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati starta inazungusha. Kila silinda iandikwe kwa namba yake: ya kwanza na ya tatu ziko upande wa dereva, ya pili na ya nne upande wa abiria.

Sasa sikiliza jambo ambalo huwapotosha wengi wa kanda yetu. Geji husoma kulingana na hewa iliyopo mahali ulipo, na hewa ya Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo la asilimia 85 tu ya lile la Dar es Salaam. Injini iliyosoma psi 150 bandarini itasoma karibu 128 Arusha, na 135 hivi Moshi, pasipo kuchakaa hata kidogo. Nimeona watu wakiacha magari mazima kwa kulinganisha namba za Arusha na kitabu cha kiwandani, na wengine wakilinganisha gari lililopimwa Arusha na lililopimwa Moshi kisha wakatoa hukumu. Kwako wewe hatari hiyo ipo, kwa kuwa magari yako yako miji miwili. Usihangaike na ukubwa wa namba. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda ndani ya gari moja. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna silinda inayovuja, na kabla ya kusema lolote zaidi fundi aipime kwa kuijaza hewa ya kompresa na kusikiliza inatokea wapi: ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni, ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu, maji ya radieta yakitoa mapovu, ni gasketi.

Mwinuko huo huo unalifanya zoezi la kuendesha kuwa na maana zaidi huku kwetu. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuleta hewa ileile, hivyo turbo iliyochoka hujionesha mapema. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, uguse injini uhakikishe ni ya baridi, kisha uwashe mwenyewe. Mgongano wa chuma unaofifia injini ikipata moto ni wa kuulizia. Unaoendelea, hasa mlio mzito wa chini unaoongezeka mafuta yanapokanyagwa, ni beringi za konrodi, na hapo rudisha ufunguo. Acha injini ingurume taratibu kwa dakika tano, halafu kanyaga mara moja huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la buluu lina maana oili imejikusanya kwenye turbo au kwenye valvu.

Kuhusu kilomita 78,000, usiiamini odometa, amini karatasi na stika. Gari la Japani hukaguliwa na serikali ya huko miaka mitatu baada ya kuwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na cheti cha kusafirishia gari nje huonesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kama lilipitia mnada, kuna karatasi ya mnada yenye daraja na mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na daraja R lina maana gari lilitengenezwa baada ya kugongwa. Muuzaji akisema karatasi zimepotea, fungua mlango wa dereva, kisha boneti, utafute stika ndogo ambazo gereji za Japani hubandika wakati wa kubadilisha oili au mkanda wa taimingi. Miaka mara nyingi imeandikwa kwa kalenda ya kifalme ya Heisei. Ongeza 1988 upate mwaka wetu, kwa hiyo 25 ni mwaka 2013. Stika ya mkanda wa taimingi uliobadilishwa kwenye kilomita 98,000 mwaka huo ingetosha kumaliza mjadala wa 78,000.

Kwa gari la Uingereza kazi ni nyepesi zaidi. Ukipata namba zake za usajili za huko, historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka inasomwa bure mtandaoni ukiwa Moshi, ikiwa na maili za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa na mkaguzi. Soma hasa maneno yanayohusu kutu. Barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu ya Impreza huanzia ndani ya matao ya tairi za nyuma na kwenye minara ya shokapu za nyuma, ambako huwezi kuiona bila kuinua zulia la buti. Gari la Japani lililoishi Hokkaido au maeneo mengine ya theluji huwa na ugonjwa huohuo, kwa hiyo usilisamehe kwa sababu ya nchi lilikotoka. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini ya gari juzijuzi ni sababu ya kuchukua bisibisi na kugonga taratibu.

Kwa kuwa gari moja limeishi Arusha, ambako mbio za magari zina wapenzi wengi, inua mazulia utafute matundu yaliyozibwa sakafuni na alama za kuchomelea kwenye nguzo za mlango, mahali panapofungwa fremu ya mabomba ya kumlinda dereva. Tazama pia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na mabomba ya moshi kwa chini. STI iko chini kiasi, na matuta ya barabara ya Moshi–Arusha hayana huruma kwa gari lililoshushwa shokapu.

Tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja, aina moja, na zilizochakaa kwa kiasi kimoja. Hilo si urembo. Gari linaloendesha magurudumu yote manne likiwa na tairi zisizolingana mzunguko huilazimisha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi kila sekunde, hata kwenye lami iliyonyooka. Kama gari lina kile kigurudumu kidogo karibu na hendibreki cha kurekebisha difu ya kati, kizungushe hadi kwenye kufunga, kisha pinda kona kali taratibu kwenye changarawe: gari linapaswa kugoma kidogo na tairi kukwaruza. Lisipoonesha mabadiliko yoyote, mfumo haufanyi kazi, na vipuri vyake si vya bei rahisi.

Mengine ni madogo. Redio ya Japani inaishia karibu na 90 FM na itakukosesha stesheni nyingi mpaka ifungiwe kifaa cha kuhamisha masafa. Taa hazina shida, kwa sababu Japani na Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi. Spidi ya maili ina usumbufu wake wa kila siku, kwani kilomita 50 kwa saa ni maili 31, na ukiizoea sindano ya 50 kutoka magari mengine utapigwa tochi kabla hujafika Boma Ng'ombe.

Sasa ipi? Kwa ulivyoeleza, na kwa bei zinazokaribiana, ningeanza na la Moshi, licha ya kwamba injini ya Japani ndiyo imara zaidi kati ya hizo mbili na inazunguka hadi karibu 8,000 kwa dakika. Uimara huo unahesabika ikiwa injini ni ile ile, na gari la Njiro limekwisha kukuambia kwa sauti yake kwamba kuna kitu kilibadilishwa, au kwamba si STI. La Moshi likipimwa kompresheni na silinda zikakaribiana, historia yake ya maili ikakubaliana na odometa, na minara ya nyuma ikawa haina kutu, lichukue, usiliongezee presha ya turbo hata ukibembelezwa na marafiki.

Gari la Njiro lirudie tu kama chesisi inasoma GDB, habu ni za 114.3, na mwenyewe anakueleza nani alibadilisha mabomba na turbo, na kompyuta ilipangwa upya vipi baada ya hapo. Hata hivyo bei yake ishuke, kwani STI ya Japani isiyo na turbo yake ya awali haiwezi kuuzwa kwa bei ya gari kamili. Kwa vyovyote vile, usipooneshwa ushahidi wa lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa, punguza kwenye bei gharama ya mkanda, puli zake na pampu ya maji, uvibadilishe kabla ya safari ndefu ya kwanza. Mkanda huo ukikatika kwenye injini hizi, pistoni hukutana na valvu. Na fedha zisitoke mkononi kabla mkataba wa mauziano haujaandikwa kwa jina lililo kwenye kadi, si la dalali.